Barua ya wazi kwa wachapishaji wa vitabu vya watoto vya kuchekesha: mkibadilisha, semeni

Kwa: Wakurugenzi na wahariri wakuu, kampuni za uchapishaji wa vitabu vya watoto
Pamoja na: Warithi na wamiliki wa haki za waandishi waliokwisha kufariki

YAH: KUBADILISHWA KIMYA KIMYA KWA VITABU VYA WATOTO VYA KUCHEKESHA

Ndugu wakurugenzi, ndugu wahariri, na nyie ndugu warithi,

Salaam. Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Naandika hapa mbele za watu kwa sababu kule pembeni nimeshaandika na hamna kilichotokea. Nilimtumia imeili mmoja wenu (simtaji, mwenyewe anajijua, na hata nikimtaja haisaidii maana naona mko wengi wa hivyo) nikauliza swali dogo tu, kwamba kuna mfululizo wa vitabu vya kuchekesha niliokua nao na sasa nawasomea wanangu, mbona nakala mpya haisomeki kama ile ya zamani, nani kabadilisha, kabadilisha nini, na lini. Nikajibiwa asante kwa kutuandikia, maoni ya wasomaji wetu ni muhimu sana kwetu. Nikauliza tena. Likaja jibu lile lile neno kwa neno, yaani vitabu vyote vinabadilishwa ila hilo jibu ndo halina mhariri. Basi ndo maana tuko hapa.

Kabla hamjaniweka kwenye kapu, niseme kwanza nimesimama wapi. Mimi sio wale wanaotaka kitabu cha zamani kisiguswe hata nukta, na wala sio wale wanaoona kila mzaha wa zamani ni dhambi. Mimi ni mtu anayesoma kwa sauti watoto wakiwa wamelala pembeni, na ukisoma kwa sauti hufichwi kitu, unajua utani uko wapi kwa sababu unasikia pale wanapocheka, na unajua umetolewa wapi kwa sababu unafika pale pale ulipokuwa unajiandaa kucheka nao, halafu hamna. Unarudi mstari mmoja nyuma ukidhani umeruka. Hujaruka, wamekutolea.

Malalamiko yangu haya hapa, nimeyapa namba ili siku mkijibu msije mkasema hamkuelewa.

1. Mnabadilisha bila kusema mmebadilisha nini

Hili ndo kubwa, mengine yote yanazaliwa humu. Mwaka 2023 dunia ilikuja kujua kwamba Puffin, wachapishaji wa vitabu vya watoto, wamefanya mabadiliko mamia kwenye vitabu vya Roald Dahl, mwandishi wa Uingereza aliyekwisha kufariki, na ilijuaje? Sio kwamba walisimama wakasema jamani tumegusa hapa na hapa, sababu ni hii na hii. Ni gazeti la Telegraph la kule Uingereza lililokaa chini likalinganisha toleo jipya na la zamani. Ndani ya vitabu vyenyewe kulikuwa na maelezo mafupi kwenye ukurasa wa hakimiliki, ule ambao mtoto hausomi na mzazi anauruka, yakisema kitabu kiliandikwa miaka mingi iliyopita na lugha inapitiwa mara kwa mara ili kila mtu aendelee kukifurahia. Sawa, asanteni. Lugha ipi? Ukurasa gani? Ilikuwaje kabla? Hapo kimya.

Halafu kelele zilipozidi, tarehe 24 Februari 2023, kama wiki moja tu tangu habari itoke, wakatangaza kwamba vitabu 17 vya Dahl vitaendelea kutolewa na maandishi yake ya zamani, sambamba na vile vilivyobadilishwa, msomaji achague mwenyewe. Nilivyosoma hiyo habari nilifurahi nusu saa halafu nikakasirika upya, maana kumbe ilikuwa inawezekana! Kumbe kumpa msomaji vyote viwili halikuwa jambo la kukaa vikao miaka, lilikuwa jambo la wiki moja, ila mpaka mtu apige kelele.

Na msiniambie haiwezekani kuwa muwazi kwa sababu wenzenu wameweza. Machi 2021 wasimamizi wa kazi za Dr. Seuss, mwandishi wa vitabu vya watoto wa Marekani, walitangaza wenyewe kwamba vitabu sita havitachapwa tena kwa sababu ya jinsi vinavyowaonyesha watu wa jamii nyingine, wakataja ni vipi. Wengine wakawapongeza, wengine wakawatukana, lakini kila mtu alijua anabishana kuhusu nini. Mwezi huo huo Dav Pilkey, yule wa Captain Underpants, kitabu chake kimoja kikaondolewa sokoni kwa sababu kilikuwa na mizaha ya kuwadhalilisha watu wa Asia, na kisa kilianzia kwa mzazi mmoja tu aliyelalamika. Pilkey akaomba radhi hadharani kwa jina lake, na mchapishaji wake, Scholastic, wakasema wazi wamekitoa. Mnaona? Mzazi kalalamika, mwandishi kajibu, mchapishaji kajibu. Mimi mzazi nimelalamika nikapewa asante kwa kutuandikia.

2. Mnaua utani kwa kuuelezea

Kichekesho cha kwenye kitabu kina hesabu zake. Kuna kuandaa, kuna kusubirisha, halafu kuna neno moja la mwisho ambalo ndo linaangusha watu. Ukitoa hilo neno ukaweka lingine la adabu zaidi, sentensi inabaki na maana ile ile, hata mwalimu wa sarufi hana tatizo nayo, ila haichekeshi tena.

Mfano ambao mimi naona unatosha kufunga mjadala ni ule wa kwenye kitabu cha Dahl cha wachawi, cha mwaka 1983. Bibi anamweleza mjukuu kwamba wachawi hawana nywele, wanavaa mawigi, na mikono wanaificha kwenye glavu. Mtoto, kwa akili yake ya kitoto, anaona basi suluhisho ni kuvuta nywele za kila mwanamke. Bibi anamwambia asiwe mjinga, huwezi kupita unavuta nywele za kila mama unayekutana naye hata kama kavaa glavu, hebu jaribu uone kitakachokupata. Hapo mtoto yeyote anacheka, kwa sababu ameshajiona anajaribu na ameshaona kitakachompata. Toleo la 2023 likatoa hilo la jaribu uone, likaweka kwamba zipo sababu nyingine nyingi za wanawake kuvaa wigi na hamna ubaya wowote.

Ni kweli hamna ubaya! Nakubaliana kabisa, wapo wanaovaa kwa ugonjwa, wapo wanaovaa kwa kupenda tu. Lakini jamani, bibi wa hadithi ya kutisha kageuka afisa ustawi wa jamii katikati ya sentensi. Na mtoto aliyepoteza nywele kwa matibabu, ambaye nadhani ndo mlikuwa mnamfikiria, hajasaidiwa kwa mstari mmoja uliopachikwa, angesaidiwa na mtu mzima anayesoma naye na kuongea naye, au na kitabu kizuri kilichoandikwa kwa ajili yake toka mwanzo.

Kwenye kitabu kingine cha Dahl, The Twits, pia, Mama Twit alikuwa mbaya wa sura na mbaya wa roho, mkamwachia ubaya wa roho tu. Sasa kitabu hicho hicho cha 1980 kina sehemu nzima inayoeleza kwamba huyu mama hakuzaliwa na sura mbaya, alikuwa na sura nzuri tu ujanani, ni mawazo yake mabaya ya kila siku yaliyokuja kutokea usoni, na kwamba mtu mwenye mawazo mazuri hawezi kuwa mbaya hata awe na pua iliyopinda. Yaani mwandishi mwenyewe alishafanya kazi mliyotaka kuifanya, tena kwa kuchekesha. Mhariri aliyeshika kalamu nyekundu akitafuta maneno tu hawezi kuliona hilo, kwa sababu anatafuta neno, hasomi hadithi.

Na watu wazima kuchukia vitabu vinavyochekesha watoto sio kitu kipya, Captain Underpants iliongoza orodha ya Chama cha Maktaba cha Marekani ya vitabu vilivyolalamikiwa zaidi mwaka 2012 na pia 2013, mambo ya chupi na chooni. Watoto waliendelea kuvigombania. Ila angalau wale walalamikaji walikuwa wanakuja mlango wa mbele.

3. Pale mzaha ulipokuwa juu yetu, mnafuta ushahidi

Hapa naomba mnisikilize vizuri maana ndo pagumu, na ndo mnapopenda kujifichia.

Ni kweli vitabu vingi vya kuchekesha vya zamani vilimcheka mtu mweusi. Mimi sihitaji kuhadithiwa, ni mimi na wanangu tuliokuwa tunachekwa humo. Kitabu cha Charlie na kiwanda cha chokoleti kilipotoka mwaka 1964, wale wafanyakazi wadogo wa kiwandani walikuwa mbilikimo weusi walioletwa kutoka ndani kabisa ya msitu wa Afrika, wakisafirishwa kwenye masanduku, wakilipwa kwa maharage ya kakao, na wenyewe wanaimba kwa furaha. Yaani utumwa, ila wa kuchekesha. Kwenye ule mfululizo wa Doctor Dolittle ulioanza mwaka 1920 kuna mwana wa mfalme wa Kiafrika, Bumpo, ambaye shida yake kubwa duniani ni kwamba anataka uso mweupe ili apendwe na binti wa kwenye hadithi, na daktari anampaka dawa uso unakuwa mweupe, ndo bei ya Bumpo kumfungulia daktari gerezani. Niambieni mtoto mweusi anachekea wapi hapo.

Kwa hiyo sipingi mabadiliko ya namna hiyo. Ninachopinga ni jinsi mnavyoyafanya, na angalieni tofauti. Dahl alilalamikiwa na watu, ikiwemo NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi Marekani, na toleo la 1973 akawaandika upya hao wafanyakazi, yeye mwenyewe akiwa hai, kazi yake, mkono wake. P. L. Travers, aliyeandika Mary Poppins, kitabu cha yaya wa maajabu, naye alirudi kwenye sura moja ambayo watoto wanazungushwa dunia, mara mbili, 1967 na 1981, mara ya pili akawaondoa kabisa watu wanaokutana nao kwenye pembe nne za dunia akaweka wanyama. Unaweza kusema walichelewa, unaweza kusema walilazimishwa, lakini waliwajibika wao. Dolittle ilipohaririwa mwaka 1988 mwandishi wake Hugh Lofting alishafariki miaka mingi, ila mwanae Christopher aliandika maelezo mwishoni mwa kitabu kwa jina lake, akasema kilichofanyika na kwa nini anaamini baba yake angekubali. Mimi naweza kubishana na Christopher Lofting. Nyie nitabishana na nani, na lugha inapitiwa mara kwa mara?

Mnapofuta kimya kimya, anayesafishwa ni nyie. Sisi tuliosoma vile vitabu tukiwa wadogo tulishavisoma, vicheko vya darasani vilishapigwa, na pesa ya vile vitabu ilishaingia kwenye akaunti zenu miaka na miaka. Halafu leo kinatoka kitabu kisafi na mtoto wangu akikuta nakala ya zamani mahali akaniuliza mbona hii ina maneno mabaya, kama kwamba ni hii ya zamani ndo feki. Nataka akute mahali palipoandikwa kwamba kampuni hii ilichapisha hivi, miaka hii mpaka hii, na tumeacha kwa sababu hii. Mistari minne inatosha.

Na kitu kingine, sio kila mzaha unaotutaja ni wa kutucheka, na hilo nalo linataka mtu anayesoma. Pippi Longstocking wa Astrid Lindgren, mwandishi wa Uswidi, 1945, anawaambia wenzake kwamba Kongo hamna mtu hata mmoja anayesema ukweli, wanadanganya kutwa nzima. Kongo hiyo hiyo ambako mamilioni wanaongea Kiswahili hiki ninachowaandikia! Lakini soma vizuri, Pippi ndo muongo, amebanwa baada ya kudanganya na anatafuta pa kujitetea, watoto wenzake wanajua, na yeye mwenyewe anakiri. Kicheko kinamwangukia yeye. Baba yake, ambaye kwenye maandishi ya zamani ni mfalme wa watu weusi kwenye kisiwa fulani na ametajwa kwa neno ambalo silirudii hapa, hilo ni jambo lingine kabisa, hapo kicheko kinawaangukia wenyeji wa kisiwa ambao hawana hata sauti kwenye hadithi. Wajerumani walilibadilisha mwaka 2009, Waswidi wenyewe 2015, akawa mfalme wa Bahari ya Kusini, na hadithi haikupungukiwa kitu. Hapo pawili ndani ya mfululizo mmoja, na majibu mawili tofauti. Ukipita na kalamu moja kwa vyote, neno "mnene" na neno la kibaguzi vinafutwa kwa uzito ule ule, na hapo kusema kweli mimi ndo nashindwa kuwaamini kwamba mlikuwa mnanifikiria mimi.

4. Vitabu vya kwenye vifaa mnavibadilisha vikiwa tayari vyetu

Cha karatasi angalau nikishanunua nimenunua, hamuwezi kuingia chumbani usiku. Cha kwenye simu na tableti mnaingia. Baada ya lile sakata la 2023 iliripotiwa kwamba waliokuwa wameshanunua vitabu vya Dahl vya kielektroniki walikuta maandishi yamejiapudeti yenyewe. Na R. L. Stine, mwandishi wa Goosebumps, vitabu vya kutisha vya watoto, ambaye yuko hai na anaandika mpaka leo, alisema hadharani mwaka huo huo kwamba hajawahi kubadilisha neno na mabadiliko yaliyofanywa kwenye vitabu vyake hakuonyeshwa. Mwandishi yuko hai, ana simu, hamkumuuliza! Sasa marehemu ana nafasi gani kwenu?

5. Picha

Kitabu cha kuchekesha cha watoto nusu yake ni picha, na mara nyingi picha inasema kinyume cha maneno na hapo ndo kicheko kilipo. Le Petit Nicolas ya mwandishi Goscinny na mchoraji Sempé, ambayo ilianza kutoka gazetini Ufaransa mwaka 1959, mtoto anasimulia kwa kujiamini kwamba yeye na wenzake walifanya mambo makubwa, halafu unaangalia picha ya Sempé unaona vitoto vidogo mno kwenye uwanja mkubwa mno. Ukimwajiri mchoraji mwingine akachora nyuso kubwa zenye macho ya kung'aa ili kava ivutie kwenye skrini, umetoa nusu ya utani na hujagusa hata neno moja. Picha za kudhalilisha zitolewe, sibishani. Ila hizi nyingine mnazibadilisha kwa ajili ya mauzo tu na mnaziita maboresho.

6. Jina la marehemu kubwa kwenye kava

Kuendeleza mfululizo baada ya mwandishi kufa sio kosa. Asterix, vitabu vya katuni vya Ufaransa, imeendelea, mwandishi wake Goscinny alifariki 1977, mchoraji wake Uderzo akabaki anaandika na kuchora, halafu mwaka 2013 wakaingia Ferri na Conrad, na majina yao yakawekwa kwenye kava, ukicheka unajua umechekeshwa na nani na usipocheka pia unajua umlaumu nani. Binti yake Goscinny, Anne, mwaka 2004 alitoa visa vya Nicolas ambavyo havikuwahi kutoka kama vitabu, na kava likasema hivyo hivyo. Safi kabisa. Kinachoniudhi ni ile kazi iliyofupishwa na kusimuliwa upya na mtu mwingine, jina la marehemu limejaa kava nzima, na jina la aliyefupisha limejificha chini ya anwani ya kiwanda cha uchapaji. Mzazi anadhani ananunua kitabu alichokipenda.

7. Watafsiri

Hili fupi. Mnapouza haki za kutafsiri mnampa mtafsiri maandishi yapi? Wasomaji wa lugha nyingine hawana hata nakala ya zamani ya kulinganisha, kwao mnachotoa leo ndo kitabu. Andikeni ni toleo la mwaka gani. Ni hilo tu.

Sasa najua mtakachosema, ngoja niwapunguzie kazi.

Mtasema watoto wa leo hawaielewi lugha ya zamani. Hodder, wachapishaji wa Uingereza, walifikiri hivyo hivyo mwaka 2010, wakaifanyia Famous Five, mfululizo wa watoto wa Enid Blyton, lugha ya kisasa, vitabu 21 vilivyoandikwa kati ya 1942 na 1963, na mwaka 2016 mchapishaji mwenyewe akakiri haikufanya kazi, wakarudi kwenye maandishi ya zamani. Miaka sita kujifunza kwamba mtoto akikuta neno geni anauliza, au analipita, au analipenda kuliko yote na anakusumbua nalo wiki nzima.

Mtasema mwandishi angekubali. Labda. Aliyekuwa hai akakubali tumemuona, alishika kalamu. Aliyekufa mnamsemea nyie, na nyie ndo mnaouza, kwa hiyo mnisamehe nikiuliza mara mbili.

Mtasema ya zamani bado yapo, nikanunue mitumba. Nakala za mitumba zinachakaa, maktaba zinaondoa zilizochoka na kuweka mpya, baada ya miaka kadhaa iliyobaki ni yenu. Na sio kazi ya mzazi kuwa mtunza nyaraka wa kampuni yenu.

Mtasema basi achaneni na vitabu vya zamani, someni waandishi wapya. Hili wanalisema hata watu ninaowaheshimu, na mimi nakubali kwa moyo wote, chapeni wapya, wapeni pesa na matangazo mnayowapa marehemu. Lakini hamfanyi hivyo, kwa sababu jina la zamani linauza lenyewe. Netflix walinunua kampuni inayomiliki haki za Dahl mwaka 2021, na sisemi ndo chanzo cha mabadiliko, mapitio yalishaanza 2020 kabla ya hapo, nasema tu kwamba haya majina yana bei na nyie ndo mnaijua kuliko mimi. Kama mnataka faida ya jina, bebeni na historia yake, vyote viwili kwa pamoja.

Na mtasema ni vitabu vya watoto tu, tena vya kuchekesha, mbona makali hivyo. Mtu anayeuza vitabu vya watoto akiniambia ni vitabu vya watoto tu, hapo sina cha kumjibu.

Ninachoomba ni hiki, na hamna hata kimoja kinachohitaji teknolojia mpya:

(a) Kila toleo lililobadilishwa liandikwe kwenye kava la nyuma, kwa maandishi yanayosomeka, kwamba limebadilishwa na mwaka gani. Sio ukurasa wa hakimiliki.

(b) Orodha kamili ya mabadiliko iwekwe kwenye tovuti yenu, ilivyokuwa na ilivyo sasa, na jina la mtu au timu iliyofanya. Mnayo tayari, maana mhariri alifanya kazi kwenye faili, msiniambie haipo.

(c) Maandishi ya zamani yaendelee kupatikana, walau kwa kielektroniki, na pale yanapodhalilisha watu yawekewe maelezo mbele yaliyoandikwa na mtu kutoka hao waliodhalilishwa, kwa jina lake, na alipwe.

(d) Kitabu cha kielektroniki nilichoshanunua kisiguswe mpaka nikubali. Kitufe kimoja, ndiyo au hapana.

(e) Mwandishi akiwa hai aulizwe. Siamini naandika hili.

(f) Aliyefupisha, aliyesimulia upya, aliyeendeleza na aliyechora upya, jina lake liwe kwenye kava la mbele.

(g) Kabla hamjabadilisha utani, usomeni kwa sauti mbele ya watoto, wa zamani na mpya, mkae kimya msikilize wapi wanacheka. Hii sio lazima muitangaze, fanyeni tu.

Kama mnaona kuna ombi hapo lisilowezekana, lijibuni kwa namba yake na mseme kwa nini, nitalisoma na nikiona mna hoja nitaandika hapa hapa kwamba mna hoja. Wale ambao mnafanya vizuri tayari, na mpo, samahani kwa kuwachanganya na wenzenu, ila mngetusaidia sana mkiwaeleza mnavyofanya. Na yule niliyemwandikia mwanzo, swali langu bado ni lile lile: nani kabadilisha, kabadilisha nini, na lini. Safari hii naomba lijibiwe na mtu.

Wenu,
Mzazi na msomaji wa kwa sauti

Nakala kwa:
Wakutubi wote wanaoamua nakala ipi itolewe rafuni na ipi ibaki
Walimu wa madarasa ya chini
Mzazi yeyote aliyewahi kurudi mstari mmoja nyuma akidhani ameruka